Samadi Bila Ng'ombe

...tumalize, anasema, weka kidole hapa chini mukecuru, bibi kizee, tumalize, tumalize nini wewe Évode mkaguzi wa serikali, tumalize nini wakati kidole gumba cha Bi Hadija kiko hewani kimeloa wino mpaka kwenye kucha, na karatasi iliyo mezani inasema ng'ombe wa Bi Hadija ameingia kwenye mlima kabla ya ruhusa, ng'ombe gani, Gaju? Gaju amefungwa uani kule Nyamirambo anakula majani ya kununua, tumbo limeshuka, atazaa wakati wowote, tangu kampuni ianze kuchimba gasegereti, yale mawe ya bati, pale Batsinda hajakanyaga ule mlima hata kwa ndoto, mlima wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyekufa akiota malisho... "Mukecuru, umenisikia?" Amesikia, amesikia, masikio yake hayajazeeka, aliyasikia hata yale ya mwanzo, kwamba kampuni imeweka dhamana benki, haitarudishiwa mpaka mashimo yafukiwe na nyasi zirudi, na mpaka ofisi iseme ndiyo hakuna kwato itakayopita, basi akashika ile amri kama mtu anavyoshika funga, hata mate hamezi, halafu vita vikaanza kule kaskazini, wazungu wa kampuni wakapanda ndege, wakabakiza huyu Audace msimamizi wao na kamioni moja, akamwaga udongo juu ya mashimo akaenda zake, udongo mwekundu mtupu, kama goti la mtoto aliyeanguka, hata magugu yaliukataa... nani aliuponya? Si ni yeye Hadija, na Claudette mke wa mwanawe, na wale wanawake wa machinjioni, samadi kikapu kwa kikapu, kichwani, maji yake yanashuka shingoni, askari wa bariyeri ya barabarani wanafunika pua, piteni, piteni haraka, ndiyo siku pekee bariyeri iliwaharakisha wao badala ya kuwachelewesha, ha! Na nyasi zikaja, Mana yanjye, zikaja mpaka magotini, na huyu Évode akaja kuzikagua na viatu vyake vya Kiyovu, mtaa wa wakubwa, akafurahi, akazunguka, akakanyaga mavi. "Haya yametoka wapi, yameshuka na mvua?" "Nimeyabeba kichwani, mwanangu." Akacheka, wote wakacheka, eti nani hubeba mavi ya ng'ombe kichwani, mavi yapo basi ng'ombe alikuwepo, mtu amesoma mpaka Ubelgiji na hajui samadi haina miguu... "Mama," ni Audace sasa, sauti ya asali, "kubali tu, kosa dogo hili, faini nitalipa mimi, nipate dhamana yangu, wewe upate malisho yako, wote tupone." Tupone! Wewe ulikuwa unaumwa nini? "Na hapo juu," anauliza Bi Hadija, "umesoma kwamba nyasi nani amepanda?" "Kampuni, mukecuru. Ndivyo inavyoandikwa." "Na mimi niko wapi humo?" "Wewe uko kwenye ng'ombe." Yuko kwenye ng'ombe, yewe, kampuni imeotesha, ng'ombe wake ameiba, Claudette hayumo, vikapu havimo, na asipoweka kidole mlima unafungwa mpaka masika mengine na Gaju azae kwenye saruji, ndama ateleze, maziwa yakauke, kwa hiyo weka, Hadija, weka, ni alama tu, Mungu anajua... lakini hebu ngoja, ngoja kwanza, unafungwa na nani? Mlinzi wa kampuni amekwenda jeshini, lango lilikuwa la miti, watu wameligeuza kuni za kupikia, Évode hapandi tena ule mlima, viatu hivyo havimruhusu, basi nani aliyekuwa analinda zile nyasi muda wote huu, nani alikuwa anafukuza mbuzi wa majirani kwa mawe, mwizi gani hulinda... ni yeye, yeye peke yake, ndiye alikuwa lango. "Bibi kizee, wino unakauka," anasema Évode. "Uache ukauke," lakini hilo amelisema moyoni tu, mdomoni amesema, "Subiri kidogo, baba," kwa adabu yote, kidole bado hewani, na pesa za Audace zilale benki mpaka ziote ukungu, maana kosa wameshamwandikia, limeshagongwa muhuri, lililobaki ni ng'ombe mwenyewe, na kesho alfajiri, Claudette ashike kamba mbele, yeye nyuma na fimbo, Gaju atapita pale bariyeri taratibu na tumbo lake, apande mlima, akalifanye kosa lenyewe.