Taa Juu ya Kobe

Povu dogo lilitoka puani mwa Chifu, likavimba, likapasuka. Kisha akarudisha kichwa ndani ya gamba taratibu, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kuwaudhi wageni. Hapo nikajua kwamba baridi ya mvua imemwingia kifuani.

Chifu ni kobe. Marehemu mume wangu, Nashon, alimfuga kwa kibali cha ofisi ya wanyamapori tangu tulipohamia hapa nje kidogo ya Oyugis, akampa jina hilo kwa mwendo wake wa mtu asiyeogopa kuchelewa mkutanoni. Baada ya mazishi watu walirudi makwao, Chifu akabaki. Kila asubuhi nikisali husikia kucha zake zikikwaruza saruji, nami humshukuru Mungu kwamba nyumba hii bado ina mwingine anayepumua.

Nilimtia kwenye boksi, nikabana balbu ya vifaranga ukingoni, karibu naye kabisa, kama ninavyolea kuku wangu. Nikampigia daktari wa mifugo, Emmaculate, nikitarajia sifa.

"Mama, iondoe sasa hivi," akasema. "Kifaranga akizidiwa na joto hukimbia. Kobe atakaa papo hapo hadi gamba liungue. Mgongo wake hauna haraka ya kumwambia."

"Basi nimwekee jiko la makaa?"

"Mafua anayo, unataka kumwongezea na hewa ya makaa?"

Akanieleza kwa upole. Balbu ining'inie juu kwa mnyororo, upande mmoja tu, ili akichoka na joto apate pa kwenda. Holda ya kushikia balbu iwe ya kauri, maana ya plastiki huyeyuka. Na jua likitoka nimpeleke nje, kwa sababu balbu ile hupasha mwili tu. Kile ambacho gamba hupata kwa jua, balbu haina, na kioo cha dirisha nacho hukizuia.

Vyote vilipatikana sokoni. Aliyekosekana ni mtu wa kufunga mnyororo kwenye boriti.

Kwetu, paa la mjane aliyekataa kurithiwa na ndugu wa mumewe haliguswi na mwanamume wa ukoo. Mimi nilikataa. Nilimwambia Willis, mdogo wake Nashon, mbele ya wazee, kwamba Kristo amenitosha. Hakukasirika, lakini tangu siku hiyo akija kutoka Sindo anakovua omena, salamu zake ziliishia uani. Nami nilimtazama kama mwenye vifaranga anavyomtazama mwewe. Mafundi wa jirani, wote wa ukoo huohuo, wanaijua habari hiyo. Kila mmoja alikuwa na kazi kwingine. Mimi mwenyewe goti langu halipandi kigoda.

Nikajikaza, nikampigia Willis.

Alifika amelowa, miti mitatu begani.

"Mama Lynnet, watu huniita kwenye matanga. Wewe unaniita nimpashe kobe joto?"

"Ingia, shemeji. Mgonjwa yuko ndani."

"Ana bima?"

Aliisimamisha ile miti, akaifunga vichwa kwa kamba ya nyavu, akaning'iniza balbu katikati. "Haigusi paa wala ukuta," akasema bila kunitazama. "Imani yako iko salama, na mila yangu iko salama."

Nikaelewa kuwa njia nzima alikuwa akiliwaza hilo.

Nikaweka kiganja pale mgongo wa Chifu ungefika, nikakiacha hapo.

"Bado inachoma."

Akaipandisha.

"Sasa ni kama jua la asubuhi."

Tukamzungushia mbao sakafuni, maji tukayaweka upande wa baridi. Tulikunywa chai tukimtazama. Baada ya muda mrefu kichwa kilichomoza. Macho yakafunguka. Akauma jani la sukuma, nikasema, "Asante Yesu!" kwa sauti hata Willis akashtuka.

Kumbe nguvu zilikuwa zimemrudia zaidi ya tulivyoomba. Chifu aliondoka moja kwa moja hadi kwenye mti mmoja, akausukuma kwa gamba kana kwamba umezuia barabara yake. Miti ikayumba. Balbu ikaangukia upande wa nyasi kavu za kulalia, Willis akaidaka kwa waya ikiwa hewani, akachomoa plagi.

"Chifu! Hii ndiyo asante yako?"

Tukatanua miti. Akaifuata. Tulicheka, mimi na shemeji yangu, ndani ya nyumba ya Nashon. Kisha kicheko kikaisha, na wote wawili tukajikuta tunatazama boriti.

"Usijilazimishe, shemeji," nikasema. "Nitamwogesha kwa maji ya uvuguvugu."

"Hayo yatamponya?"

"Sijui."

Mvua ilipiga mabati. Chifu alikuwa ameanza kurudisha kichwa ndani.

"Wazee wakiniuliza," akasema Willis, "nitawaambia nilikuwa namtibu Chifu." Alitabasamu. Akavua gambuti, akazipanga mlangoni. "Omba kwanza."

Mimi huomba sana, lakini ombi lile lilikuwa fupi. Nilimtaja Mungu, kisha nikalitaja jina la Willis, ambalo sikuwahi kulipeleka mbele zake tangu siku ile ya wazee.

Akapanda kigoda, mnyororo mkononi. Nilikishika kwa mikono yote miwili. Vumbi la boriti likadondokea kitambaa changu cha kichwa, nami sikulipangusa.