Nyaya Nne za Bwana Nguzo

Bwana Nguzo alijifungia mwenyewe, tena kwa ufundi wa hali ya juu. Asilaumiwe mtu mwingine.

Meza ya treni zake ndogo ilizunguka kuta zote nne za chumba, na yeye husimama katikati. Penye mlango kuna kipande cha meza chenye bawaba. Hukiinua, akapita, akakishusha. Kwa miezi minane alikuwa akizijengea reli zile nyaya za umeme za juu, kama za treni kubwa. Nguzo za kushikilia nyaya alizikata kwenye spoku za baiskeli, badala ya vikombe vya kuzuia umeme akaweka shanga, na nyaya akazichomoa kwenye mota ya feni mbovu. Asubuhi hiyo alipania kumaliza, ili binti yake wa pekee aione treni ikizunguka kabla hajaondoka. Binti alikuwa anakwenda ng'ambo kufanya kazi, miaka minne. Mzee ana miaka sabini na sita na moyo unaoendeshwa kwa vidonge. Hesabu hiyo wote wawili walishaipiga kimyakimya.

Basi akavuta nyaya nne juu ya kile kipande cha mlangoni, akazilehemu, zikakaza barabara. Ndipo akashtuka. Lo! Alitakiwa aache kiungo cha kufungua pale penye bawaba. Akiinua kipande sasa, nguzo za chumba kizima zinang'oka. Chini ya meza kumejaa masanduku, na magoti yake yalistaafu kabla yake.

Nje gari likapiga honi.

"Baba, njoo basi tuagane!" Binti alisimama mlangoni, mkoba begani. Akaziona nyaya, akamwona baba yake, akaangua kicheko. "Jamani! Umejitia jela mwenyewe?"

"Usinicheke wewe. Nipe dakika kumi, niyeyushe lehemu, waya mmoja mmoja."

"Nitachelewa ndege, baba. Kata tu."

"Nikikata, zote zinalegea. Miezi minane, mama."

Binti akachukua koleo rafuni, akamnyooshea juu ya nyaya. Mzee akalipokea, akakata waya wa kwanza. Ukakatika ta! Nguzo za pembeni zikainama. Mkono ukamfia pale pale. Alitaka kukata, Mungu anajua alitaka, ila mkono ulikataa.

"Basi, baba," binti akasema taratibu. "Acha. Tuagane hivi hivi."

Na mzee, bila kukusudia, akashusha pumzi. Alifurahi, na binti akaiona furaha ile. Akampa ncha za vidole juu ya reli, akageuka, akaenda zake.

Mzee akabaki anajichukia. Mlango wa gari ulipobamizwa, akakata wa pili, wa tatu, wa nne, hovyo hovyo, akakiinua kipande, nguzo zikaporomoka nyuma yake. "Mama! Nimetoka! Nimekata zote!"

Alipofika barazani, gari lilikuwa limeshapinda kona. Jirani aliyekuwa akifagia, aliyeona binti akiondoka bila mtu wa kumuaga, alimtazama, akaacha ufagio.

"Kumbe ulikuwepo nyumbani?"