Klachi ya Lori la Jeshi

Lori la jeshi haliuawi na kazi, huuawa na kusimama. Hilo nilifundishwa na baba yangu, aliyeendesha malori hayo miaka ishirini na sita kabla hajastaafishwa na kuambiwa akapumzike. Siku alipoliona lori la aina ileile kwenye yadi ya magari yaliyouzwa na jeshi, alirudi nyumbani mbio mbio, kama mtu aliyeitwa kazini. Hata maji hakunywa.

"Mwanangu, wewe si fundi?" aliniambia. "Kuna mgonjwa nataka ukampime."

Mama akanivuta jikoni. "Hilo lori lisikataliwe," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka sita baba yako yuko kitini, anahesabu nzi. Na tangu kiharusi kilipompiga mguu wa kushoto, ndiyo kabisa. Nikimwambia atembee, ananijibu atatembea kesho."

"Mama, mimi natibu magari."

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

Mwenye yadi alijulikana kwa jina la Kama-Lilivyo, maana ukimuuliza lolote kuhusu gari, jibu lilikuwa moja: linauzwa kama lilivyo. Wateja walikuwa wamemchosha kwa kurudi na kelele kwamba wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo aliweka kanuni yake. Mnunuzi mwenyewe, si ndugu yake wala dereva wake, alitakiwa kuliendesha gari mpaka getini na kurudi, mbele ya mashahidi wawili. Asipofanya hivyo, hauziwi.

Nililala chini ya lori nikagonga fremu kwa nyundo ndogo, nikisikiliza. Chuma kizima hulia, kilichochomelewa hunung'unika. Hili lililia kuanzia mbele mpaka nyuma. Nikavuta kijiti cha oili, nikasugua tone moja kati ya vidole: nyeusi, lakini haikuwa na maji. Maradhi yake yote yalikuwa ya kusimama. Mipira ilikuwa imekauka, breki zimeshikana, tangi la dizeli lina kutu, na panya walikuwa wamefanya karamu kwenye nyaya.

"Vipi?" baba aliuliza.

"Ngoja kwanza."

"Vipi sasa?"

"Baba, unanipumulia kisogoni! Niache nifanye kazi."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu augue, na nadhani kile kicheko ndicho kilichonifanya niseme ukweli haraka haraka. Nikamwambia lori ni zima, nipewe wiki tatu.

Kama-Lilivyo akapokea kishika uchumba kidogo, akatuachia kona ya yadi. Wiki tatu hizo baba alinishikia taa, akanipa spana kabla sijaitaja, akanigombeza nilipokaza nati kwa pupa. Mama alisema mzee anaamka kabla ya jogoo na kupiga pasi shati la kwenda kushikia grisi. Chakula alikuwa anaomba aongezewe. Mguu aliuburuta vilevile, lakini aliuburuta kwa haraka, nami nikajidanganya kwamba hiyo ni nafuu.

Siku ya kuliendesha ikafika. Mashahidi walikuwa mlinzi wa geti na muuza betri wa jirani. Baba alipanda kwenye kiti kwa majaribio matatu, nami nikajifanya natafuta kitambaa. Akawasha. Injini ikaitikia mara moja, hata mlinzi akapiga makofi. Baba akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza. Kisha goti la kushoto likaanza kutetemeka, klachi ikaachiwa ghafla, na lori likaruka mbele na kuzima.

Akarudia. Likaruka, likazima.

Mara ya tatu, vilevile.

"Klachi nzito," alisema, jasho likimtiririka. "Hukutoa hewa vizuri kwenye mafuta yake."

Nikapanda, nikaikanyaga. Ikashuka bila ubishi. Hata hivyo niliingia chini nikatoa hewa upya. Akajaribu, lori likazima. Akasema nibadilishe sili, ule mpira unaozuia mafuta ya klachi yasivuje. Nikatoa sili mpya nikaweka nyingine mpya. Likazima. Akaniagiza niifungue klachi tena, safari hii niitazame kwa macho, si kwa mdomo.

Nikaingia tena chini. Nilikuwa nimelala chali chini ya klachi nzima kabisa, nimeshika spana isiyo na kazi, na machozi yalikuwa yananiingia masikioni. Nimefufua magari yaliyoota nyasi. Mguu mmoja wa baba yangu sikujua niushike wapi. Ningeweza kumrahisishia ile pedali, watu wengine nimeshawafanyia. Lakini nilikuwa nimemwona alivyouinamia mguu ule na kuutazama ili ajue uko wapi, na dereva wa lori la tani saba anatakiwa kutazama barabara.

Kama-Lilivyo akaja na funguo zake zinalialia. "Jamani, saa sita kuna mteja mwingine anakuja. Mzee, tatizo ni nini? Juzi binti yako kalizungusha hapa kama baiskeli."

Baba akainamisha kichwa dirishani, akanitazama nikitoka chini ya lori.

"Sema wewe," aliniambia. "Wewe ndiye fundi. Ni gari au ni mimi?"

Mashahidi wakanigeukia. Nikajifuta uso kwa kitambaa cha oili ili grisi ifiche mengine.

"Ni gari, baba. Pleti ya klachi imepinda, na giaboksi ina ufa. Mwanzoni sikuuona. Nisamehe."

"Ufa gani?" Kama-Lilivyo alifoka. "Wiki tatu unalala chini ya lori langu, leo ndiyo unaona ufa? Fundi gani wewe? Utaniharibia soko!"

Muuza betri akasema pembeni kwamba ndiyo hasara ya kuwaachia wanawake spana. Siku nyingine angenisikia. Siku hiyo nilimeza, maana uongo ulikuwa wangu na bei yake ilikuwa hiyo.

Baba akashuka polepole, akanishika bega. Nilitegemea hasira. Badala yake uso wake ulikuwa umekunjuka kabisa, kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali na kuambiwa hana kitu.

"Usilie," alisema. "Hakuna fundi asiyekosea. Nilikuwa nimeshaanza kuuogopa mguu wangu, unajua? Nikasema basi tena, mimi nimekwisha." Akaupigapiga ule mguu kwa kiganja. "Kumbe ni gari."

Akatangulia kuelekea getini, shati lake likiwa limelowa mgongoni. Nikakusanya spana nikamfuata. Nilipomfikia alikuwa anaongea bado, na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko siku zote.

"Ng'ambo ya reli kuna yadi nyingine. Nimesikia wana malori manne, na mwezi ujao yanakuja mengine. Tutayapima yote mimi na wewe, moja moja, mpaka tupate lenye klachi nzima."

"Sawa, baba," nikasema.