Chipu ya Shemeji

Mume wa dada wa fundi mmoja wa elektroniki alimletea fundi huyo mashine ya gemu ya zamani. Alitamba kwamba amechomelea mwenyewe chipu ya kuchezesha diski zilizonakiliwa, na kama mashine bado inazikataa, basi ameuziwa chipu feki.

Fundi akaifungua, akaguna. Risasi ya kuchomelea ilikuwa imetapakaa kama uji uliomwagwa na mtoto. Akazipima nyaya moja moja kwa kipima umeme. Ajabu, zote zilishika, isipokuwa ule wa kupeleka umeme kwenye chipu. Huo ulikuwa umekunjwa vizuri na kuzungushiwa selotepu.

“Na huu je, shemeji?”

“Huo niliuacha makusudi, chipu isije ikaungua.”

Fundi akaweka bisibisi mezani taratibu.

“Hongera, shemeji. Haijaungua.”