Ruksa Hajashuka

Nilimpa jina Ruksa kwa sababu alizaliwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa: mitumba ruksa, mtu kuwa na lori lake ruksa, ng'ombe kuuzwa ng'ambo ya mpaka ruksa. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, akasema Milembe, ndama haitwi hivyo. Mume wangu ameshatangulia, na jina lilibaki.

Alikua akawa maksai wa plau, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mpole kuliko binadamu wengi ninaowajua hapa Ngulyati. Sikuwahi kumpiga. Tukifika mwisho wa mstari shambani nilisema tu, "Ruksa, geuka," naye aligeuka na plau yake, hata kama alikuwa amechoka. Neno hilo moja lilitutosha.

Malimi ni mdogo wa mume wangu, shemeji yangu kabisa, amekula ugali wangu tangu hana ndevu. Biashara ilipofunguliwa alinunua lori kuukuu, akaanza kusomba ng'ombe kutoka mnada wa Dutwa hadi Sirari mpakani, na kutoka hapo waliingia Kenya. Siku ya kwanza nilimwona akipakia. Vijana walikuwa wanasokota mikia, wengine wanawapaka ng'ombe pilipili machoni ili wasimame, na ndani walisongwa mpaka pembe zikachoma mbavu za wenzao. Ng'ombe akianguka kwenye lori la namna hiyo hainuki tena, wenzake watamkanyaga njia nzima. Nilimtukana Malimi palepale mnadani, mbele ya wateja wake, na mdomo wangu haujui kunong'ona.

Kesho yake alikuja nyumbani mpole, kofia mkononi.

"Mwadila, shemeji," alinisalimu kwa Kisukuma. "Umenisema, na umesema kweli. Basi nifundishe."

Nikamfundisha. Nilimwambia Ruksa atapanda wa kwanza, na wengine watamfuata bila fimbo kwa sababu watamwona hana hofu. Wakishaingia wa kutosha, nitasema geuka. Ruksa akiweza kugeuka na kushuka, basi nafasi ipo, na hata atakayeanguka njiani ataweza kuinuka. Akishindwa, lori limejaa kupita kiasi na wapunguzwe. Halafu Lamadi, kando ya ziwa, washushwe wote, wanywe maji, wapumzike, ndipo waendelee na safari. Malimi alikubali yote. Aliapa kwa kaburi la kaka yake.

Mambo yakaenda vizuri. Kila mnada nilisimama juu ya tuta la udongo ambako lori huegeshwa kinyumenyume, nikasema neno langu, na Ruksa akatoka katikati ya wenzake polepole kama mzee anayetoka kanisani. Watu wakazoea. Wenye ng'ombe waliwakataa wachuuzi wengine, wakamngoja Malimi, na gari halikuondoka kabla mtu hajauliza, "Ruksa ameshuka?" Ameshuka, basi gari ruksa. Nilijivuna, na kwa nini nisijivune? Malimi naye alizidi kunenepa.

Kisha ikaja siku ambayo mnunuzi mmoja wa ng'ambo alifika mwenyewe, ana haraka na anataka ng'ombe wengi. Ruksa alikuwa ameshapanda, na wenzake walikuwa wanaingia. Malimi akanipa chupa ya chai.

"Shemeji, koo limenikauka. Nichukulie chai kwa Rhoda. Hawa vijana hawajui kuagiza, sukari yangu unaijua wewe."

Sukari yake naijua kweli, nimemtilia miaka yote hiyo. Nikaenda. Niliporudi na chupa imejaa, kwenye tuta palikuwa na kinyesi na alama za tairi tu.

Keneth, mmoja wa wapakiaji, anayeniita mayu, yaani mama, hakutaka kunitazama usoni.

"Waliongezwa, mayu. Ruksa alijaribu kugeuka mwenyewe, akashindwa. Nilimwambia bosi tupunguze. Akasema funga mlango."

Nilipanda basi la kwanza lililopita, chupa ya chai ingali mkononi. Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa na tumaini pia. Lamadi watashushwa, nilijiambia. Nitamchukua Ruksa wangu, tutarudi nyumbani kwa miguu, na Malimi atanisikia.

Lori nililiona kando ya barabara Lamadi, tairi moja limefunguliwa, dereva anaziba pancha. Ng'ombe walikuwa juu, kwenye jua. Nilimwuliza mama mmoja muuza samaki, Esteria, kama ng'ombe wameshanyweshwa au bado.

"Malori haya ya Dutwa?" alisema. "Haya hayajawahi kunywesha ng'ombe hapa, dada. Hupita tu. Leo limesimama kwa sababu ya pancha."

Hapo ndipo niliumia. Kumbe si leo tu. Kile nilichoweza kukiona kwa macho alikitimiza, na kile nisichokiona hakukifanya hata mara moja. Ziwa lilikuwa palepale, ng'ombe wanalinusa, na wale wote niliowaaga Dutwa kwa roho nyeupe walipita hapa na kiu yao.

Malimi akatoka hotelini akijifuta mikono. Nilifungua mdomo nimpasue, na wakati huohuo nikaliona lile baka jeupe, limebanwa kwenye mbao za lori. Nikanyamaza. Ruksa akiisikia sauti yangu atadhani ninamwita. Atajaribu kugeuka, na humo ndani anayejaribu kugeuka anaanguka.

Kwa hiyo nilinong'ona.

"Mshushe."

"Hapa hakuna tuta, shemeji. Atashukia wapi, avunjike miguu?"

"Uliapa kwa kaburi la kaka yako."

"Mnunuzi alitaka lori lijae, ningefanyaje? Nitakuletea maksai mwingine, mzuri kuliko huyo." Akanitazama kwa mshangao. "Mbona unanong'ona? Wewe? Sema kama kawaida yako, watu wasije wakadhani nimekuibia."

Machozi yalikuwa yananitoka. Malimi akaichukua chupa mkononi mwangu, akamimina chai kwenye kifuniko, akanywa.

"Sukari sawasawa," alisema.

Tairi likafungwa, lori likaondoka. Nilijiziba mdomo kwa kiganja mpaka likapotea kabisa. Ruksa alikwenda bila kujua kwamba nilikuwa pale, karibu na mbavu zake. Lingekuwa jambo dogo, kusema jina lake tu, na sikuweza.

Mnada uliofuata Malimi alifika Dutwa na maksai mwekundu, amefungwa kamba mpya. Alinisalimia mbele za watu kwa heshima zote, akaniomba nipande juu ya tuta kama kawaida. Nikapanda. Wenye ng'ombe walikuwa wamepanga foleni na mifugo yao, na wa kwanza alikuwa Mzee Jilala, ambaye hajui kungoja.

"Milembe," aliniita kwa utani wake wa siku zote, "leo ni mwekundu. Ruksa yuko wapi? Ameshuka?"

Malimi alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, kama anayebembeleza.

"Hajashuka," nilisema, na safari hii nilisema kwa sauti yangu mwenyewe, mpaka wauza mitumba wakageuka. "Ruksa hajashuka. Na Lamadi hakuna ng'ombe aliyewahi kunywa."

Mzee Jilala akashika kamba ya ng'ombe wake wa mbele, akamgeuza.