Mita Mbili Zilizopungua

Mama aliikunjua ramani mezani, akailainisha kwa viganja kama anayetandika kitanda cha mgeni.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema. "Hebu ona kazi ya mwanangu."

Mwanangu. Kana kwamba alizaa mmoja tu.

Funguo, binti mkubwa, alikuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Jina hilo alilipata kwa sababu funguo zote za nyumba zilikaa kiunoni mwake tangu baba yao afariki. Miaka kumi na mmoja ya kumpeleka Mama kliniki, kuziba nyufa na kukausha sebule kila mvua iliponyesha. Mdogo wake, Msanifu, miaka hiyo alikuwa mbali, kwanza chuoni, kisha kazini akichora majumba ya watu. Sasa alikuwa amerudi kuchora la kwao.

Nyumba ilisimama juu ya mteremko mkali, maji ya ziwa yakiwa chini kabisa, na kila mwaka ilizidi kupasuka. Kwenye ramani nyumba mpya ilishuka kwa vidato, chumba chini ya chumba, mpaka kwenye baraza iliyokaribia kugusa maji.

"Na mlango wa jikoni ameugeuza uangalie majini!" Mama alisema. "Akili kama hizi wanafundishwa wapi?"

Funguo alikuwa ametoa wazo hilohilo miaka sita nyuma. Mama alimjibu, "Wewe pika, acha kugeuza milango."

Lakini alikuwa na siri yake. Mwezi uliopita Msanifu alimpigia simu, akamwomba apime kiwanja kuanzia kona ya nyumba hadi ukuta wa mawe ukingoni mwa maji. Marehemu baba yao alikuwa fundi mwashi, na Funguo ndiye aliyekuwa akimshikia futikamba. Alijua fika kwamba mlimani futikamba hailazwi chini. Hunyooshwa hewani, kipande kwa kipande, na timazi, ile kamba yenye uzito nchani, huning'inizwa kuonyesha pa kuweka alama. Siku ile yeye aliilaza kwenye majani kama mkeka. Ikasoma mita kumi na nne, ndefu kuliko kiwanja chenyewe. Akaituma namba hiyo, akanyamaza.

Asubuhi iliyofuata siku ya ramani, fundi alikuja kupigilia vigingi. Alishuka akipima kama inavyopaswa, Msanifu akisoma ramani, Mama na Funguo wakitazama kutoka juu. Alipofika kigingi cha mwisho, alivuka ukuta wa mawe na viatu vyake vikazama.

"Mama!" aliita. "Unataka baraza au mtumbwi? Hapa pamepungua mita mbili!"

Uso wa Mama ulikunjamana. "Msanifu, miaka yote ile ya chuo, kupima tu kumekushinda?"

Maneno hayo Funguo aliyasubiri mwezi mzima, na yalimshuka kifuani kama maji baridi kwenye kiu. Msanifu aliutazama mteremko, akaitazama futikamba, akamtazama dada yake.

"Nimekosea mimi, Mama," alisema. "Nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Mama akalainika palepale. "Basi, mwanangu, usijiumize. Nani asiyekosea? Kukiri nako ni malezi mema."

Funguo aliduwaa. Hata hili! Sifa kachukua, mlango wa jikoni kachukua, sasa kachukua na kosa, na bado anasifiwa kwalo!

"Hilo kosa ni langu," alisema, kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. "Usininyang'anye."

Wote walimgeukia.

"Nilipima mimi. Na nilijua ninapima vibaya."

"Ulijua?" Mama aliuliza.

"Nilijua."

Mama alimkazia macho. Habari ya malezi mema hakuitaja tena. Aligeuka, akaingia ndani.

Msanifu alipanda hadi aliposimama dada yake. "Nimejua timazi iliposhuka tu. Wewe huwezi kukosea hicho kipimo. Baba alikufundisha wewe. Mimi alinifukuza, akasema nitajikata." Mdomo wake ulitetemeka kidogo, na Funguo akashangaa, maana kijicho alikijua, na safari hii kilikuwa cha mdogo wake.

"Basi mbona ulijitwisha?"

"Na wewe mbona ulinyamaza mwezi mzima?"



"Jamani," fundi alipaza sauti kutoka chini, "tunajenga au tunahesabiana dhambi? Maji yananifika magotini huku!"

Msanifu aliitandaza ramani juu ya jiwe. "Haya, Dada. Mita mbili tuzikate wapi?"

Funguo aliinama. Vyumba vya kulala vilikuwa vitatu: cha Mama, chake, na cha mdogo wake, na hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa na dirisha kubwa kuliko vyote.

"Chumbani kwako. Wewe huku unalala mara mbili kwa mwaka."

"Moja kwangu, moja kwako."

"Zote kwako."

"Dada, jamani!"

"Na hilo dirisha nalo lipungue."

Msanifu alivuta midomo, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaanza kufupisha chumba chake. Funguo alisimama begani mwake akifuata kila mstari, asije akapunguza mita moja na nusu akasema imetosha.