Daraja la Sigara ya Kuba

Nilichokiona kwanza ni tundu. Lilikuwa dogo kama la sindano, karibu na ncha ya ile sigara, na pembeni yake palikuwa na vumbi la kahawia, kama unga unaoachwa na fukusi kwenye kunde.

Sigara yenyewe ilikuwa moja tu, nene kuliko kidole gumba, imelala ndani ya kisanduku cha mbao sebuleni kwa Bwana Dastan, mjini Bariadi, nilikokuwa nafanya kazi za ndani. Ilivishwa mkanda wa karatasi ya dhahabu wenye namba. Bwana Dastan alikuwa wakala wa kununua pamba, na sigara hiyo alipewa na mzungu wa kampuni. Mzungu alimweleza kwamba imetoka Kuba, kwamba zilitengenezwa chache kisha zikakomeshwa, na kwamba hii imewekwa miaka kumi na miwili izeeke kwa makusudi. Mkewe, Mama Felisita, aliuliza kama kampuni haikuwa na mpya.

Nililiona tundu asubuhi nilipokuwa nafuta vumbi. Jioni Bwana Dastan akatangaza kwamba atakayegusa kisanduku kile ataondoka siku hiyo hiyo. Aliwatazama watoto wake, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Sasa ningemwambiaje habari ya tundu?

Nyumbani kwetu Ngulyati, kunde za mbegu zikianza kutobolewa hatuitishi kikao. Tunakausha majani ya mwarobaini, tunayatwanga, tunachanganya na majivu, tunanyunyiza. Nilifanya hivyo hivyo, ila majivu niliyaacha kwa sababu yangeonekana. Nilinyunyiza unga juu na chini, nikaigeuza sigara, nikafunga. Kila wiki nilifuta na kunyunyiza upya. Kwa mwezi mzima halikutokea tundu la pili, nikaridhika.

Huo ulikuwa msimu wa pili tangu makampuni ya watu binafsi yaruhusiwe kununua pamba. Baba yangu, Mayige, alikuwa amepanga madaraja ya pamba kwenye chama cha ushirika kwa miaka kumi na tisa. Mkulima anamwaga pamba yake, baba anachota konzi moja, anaipasua, ananusa, anasema safi, au fifi kama ni ya daraja la chini. Hakuwa na neno la tatu. Hata mjomba wake mwenyewe, baba alimwambia pamba yake ni fifi, na hawakusalimiana tena mpaka mjomba alipokufa. Chama kilipopunguza watu, baba alirudi nyumbani, akaanza kupanga madaraja ya vitu vingine, kama uji wa mama na mahubiri ya katekista. Katekista mara nyingi alipata fifi.

Bwana Dastan alihitaji mtu wa kumpangia madaraja ya pamba. Walioiomba walikuwa wawili, baba na Selestini, daktari wa ng'ombe aliyesomea Kuba miaka minne. Bwana Dastan alisema pamba kila mtu wa huku anaijua, kwa hiyo pamba haiwezi kumpima mtu. Atawapa sigara. Atakayeweza kupima kitu asichokizoea, huyo pamba haitamshinda. Na yeye naye atajua kama mzungu alimpa kitu cha heshima au alimtupia takataka. Mke wake alisema Selestini ameizoea. Bwana Dastan akasema hiyo ni bahati yake.

Mimi nilikuwa namimina chai. Nilimimina mpaka ikafika kwenye kitambaa.

Walikuja Jumamosi alasiri. Baba alivaa koti lake la chama, lenye mfuko uliokatika. Walisalimiana kwa Kisukuma, mwadila, wakakaa barazani. Nilisimama mlangoni na birika.

Daktari alianza. Alikata ncha kwa wembe, akawasha polepole kwa njiti tatu za kiberiti, akavuta, akafumba macho. Alisema anapata kahawa. Akavuta tena akapata ngozi, halafu mbao, halafu asali. Halafu mdomo wake ukapinda kidogo, akaunyoosha. Alimpa Bwana Dastan na kumweleza kwamba huko Kuba anayemeza moshi huu anachekwa, lakini Bwana Dastan alikuwa ameshameza.

"Na huu uchungu?" aliuliza alipomaliza kukohoa.

"Huo ndio umri, bosi," Daktari alisema. "Kitu kichanga hakiwezi kuwa kichungu hivi. Huu ni wa miaka kumi na miwili."

"Umri," Bwana Dastan alisema, akajifuta machozi.

Ikawa zamu ya baba. Hakuvuta. Aliizungusha karibu na sikio, akaibonyeza, akaliona tundu, akapitisha ukucha juu yake. Kisha akanusa upande usiowaka. Mwarobaini wetu kule Ngulyati uko mbele ya jiko, na aliyeupanda ni yeye. Alinusa mara ya pili, jambo ambalo chamani hakuwahi kulifanya hata siku moja. Akainua macho. Hakumtazama Bwana Dastan. Mimi nikatazama ndani ya birika.

Akavuta mara moja, akatoa moshi taratibu.

"Haya, mzee Mayige. Unasemaje?"

Mama Felisita alikuwa amesimama nyuma yangu, nikisikia pumzi yake.

"Safi," baba alisema.

"Safi tu?"

"Safi."

"Mwenzio amepata asali, amepata ngozi."

"Nimesikia."

"Na uchungu je?"

"Ni kama alivyosema Daktari."

Bwana Dastan alisema mzee Mayige ni mtu mwema, lakini ana neno moja, na kampuni inataka ripoti. Kazi alipewa Daktari. Sigara Bwana Dastan aliimaliza mwenyewe kwa kumheshimu mzungu, akalala mgonjwa siku mbili.

Nilimsindikiza baba mpaka barabarani. Aliniuliza kama nakula vizuri, nikasema nakula. Alisukuma baiskeli hatua chache, kisha akasema dawa ya mbegu haiwekwi kwenye kitu cha mdomoni. Nikasema, ndiyo, baba. Akapanda, akaenda.

Mama yangu alinieleza baadaye kwamba majirani waliendelea kumletea baba konzi za pamba aziangalie kabla hawajaenda kuuza. Aliwaambia wamwulize Daktari. Alisema mtu aliyeita fifi safi mbele ya mashahidi hafai tena kwa kazi hiyo, na hakueleza alikusudia nini.

Baba alifariki akiwa hajapanga daraja la kitu kingine chochote. Mimi nilikaa kwa Bwana Dastan miaka miwili zaidi, nikiosha vyombo.

Baba, hata ningefukuzwa, nyumba za kuosha vyombo Bariadi zilikuwa nyingi. Ungesema fifi.